Ncha Sita za Bapuji

Tangu kiharusi kimpige mwezi wa saba, Bapuji, yaani baba yangu, alibakiwa na neno moja tu: "Haa." Kwetu Wagujarati maana yake ni ndiyo. Ukimwuliza kama ana njaa, haa. Ukimwuliza kama ameshiba, haa. Mkono wa kulia ulilala, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na ule ulimi uliokuwa ukiwafokea mafundi mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza, ukakwama kwenye neno hilo moja.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo utamwulizaje kama anataka kuhamia Uingereza?

Kaka yangu Dharmesh alimwuliza. Alitua kutoka Leicester mwanzoni mwa Novemba, akaketi mbele ya Bapuji kabla hata ya kuvua koti, akasema, "Bapuji, twende ukae na sisi. Watoto wanakungoja." Bapuji akasema, "Haa." Dharmesh akafuta machozi, na kesho yake akakata tikiti. Nilipopata habari niliingia sebuleni na mwiko wa dengu mkononi, nikauliza, "Bapuji, unataka kubaki hapa na mimi?" Akasema, "Haa."

"Umeona?" nikamwambia kaka yangu.

"Nimeona kwamba haelewi tena," akasema. "Kwa hiyo sisi ndio tutamwamulia, Unnati, na mimi ndiye mkubwa. Karakana nayo tutaiuza. Kuna mtu ameshaiulizia."

Akachukua bunda la funguo za karakana kwenye msumari wake, akalitia mfukoni. Hapo ndipo tulipoanza kugombana, na tuligombana kwa Kiswahili, maana tangu utoto wetu Bapuji alikataza Kigujarati kitumike kwa matusi. Kigujarati ni cha sala na cha mama yenu, alikuwa akisema. Mkitaka kurukiana, nendeni nje na Kiswahili chenu. Siku hizo zote tulikuwa nje.

Mimi si mtu wa kutulia hata mambo yakiwa mazuri. Wakati ule nilikuwa kama niliyekalia siafu. Nilifagia karakana iliyokwisha kufagiwa. Nilipanga nati kwa ukubwa, nikazimwaga, nikazipanga tena. Magari ya kampeni yalipita barabarani tangu asubuhi na vipaza sauti vyao, kila moja likiahidi kutununulia mbingu, na kila lilipopita nilitamani kutoka nilitupie spana. Nilikuwa na hakika ya jambo moja: Bapuji anaelewa, na Bapuji anataka kubaki. Ila sikuwa na namna ya kulithibitisha.

Kazi yetu ni kufunga upya waya wa mota zilizoungua. Pampu za mashamba ya maua ya Naivasha, mota za posho mill za kusaga unga mitaani Rhonda na Kaptembwo, zote zilipita mikononi mwa Ishwarlal, baba yangu. Na Ishwarlal alikuwa na sheria moja ambayo fundi akiivunja alifukuzwa siku hiyo hiyo: usizike nyota.

Maana yake ni hivi. Mota kubwa ina makundi matatu ya koili, na kila kundi lina mwanzo na mwisho wake. Ukihesabu ni ncha sita za waya. Ukifunga miisho mitatu pamoja umeunga nyota, na mota inakwenda kwa utaratibu. Ukiunga mwisho wa kundi hili na mwanzo wa lile, mpaka yote matatu yashikane kama pembetatu, umeunga delta, na mota ile ile inakwenda mbio. Mafundi wavivu huunga nyota ndani kwa ndani, wakaimwagia vanishi ikakauka kama jiwe, wakatoa nje ncha tatu tu. Bapuji alitaka zote sita zitoke. "Leo mwenye mota amesema nyota," alikuwa akifoka. "Kesho akibadili nia, nani atakuja kupasua?"

Mama alipofariki, Bapuji alijinunulia helikopta ya rimoti. Wazee wenzake hekaluni walimcheka. Ilikuja na mota iliyotengenezewa watu wa pwani, na hewa yetu ya huku juu ni nyepesi. Panga zisipozunguka kwa kasi zaidi hazipati cha kushika. Aliunguza mota mbili akijaribu. Ya tatu akaamua kuifunga mwenyewe, jioni baada ya jioni, barazani, na miwani miwili puani. Chakula kilipoa akiuliza maswali yasiyo na mwisho. Waya mwembamba mizunguko mingi, au waya mnene mizunguko michache? Na ile gia ndogo ya kwenye mota, yenye meno mengi au machache? Gia hizo alizihifadhi kwenye vikopo vya filamu, na alivitikisa masikioni mwetu kama njuga.

Yeye alifunga, mimi nikarusha. Yeye alikuwa na vidole, mimi nina macho. Iliruka vizuri kwenye uwanja wa shule jirani, kwa upole, kama alivyotaka. Lakini hamu yake ilikuwa Menengai. Alitaka niirushe kutoka ukingoni, na kamera ndogo tumboni, aone sakafu ya ile kreta, shimo la volkano lililo juu ya mji wetu, kama ndege wanavyoiona. Alitengeneza hata kishikizo cha kamera. Kikakaa rafuni, kiharusi kikaja.

Nilimwambia Dharmesh, "Kabla hujamchukua, nipe siku moja Menengai." Sikumwambia kwamba nilikuwa nikitumaini muujiza. Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi. Alikubali mara moja, akatafuta na blanketi.

Jumapili tulipanda na pikapu. Bapuji alikaa mbele, Dharmesh akajibana katikati yetu, na nyuma akakaa Nderitu, fundi wetu wa miaka mingi, amekumbatia sanduku la helikopta kama mtoto wa mtu. Kule juu upepo ulikuwa ukipiga, na kreta imefunguka chini yetu. Tulifungua mlango wa gari ili Bapuji aone vizuri.

Nikaiwasha helikopta, nikaongeza moto. Panga zikavuma, majani yakalala, na helikopta ikajikokota chini kama kuku aliyefungwa mguu. Haikuinuka. Mjini ilikuwa ikiruka, lakini huku hewa ilikuwa nyepesi zaidi, na kamera ni mzigo.

"Tubadilishe gia, boss," Nderitu akasema. Ananiita boss tangu Bapuji augue, nusu kwa utani. "Tuweke ile ya meno mengi, blades zikimbie."

Tukaweka. Safari hii iliinuka, ikafika kimo cha goti, ikafika kiunoni, nami nikaanza kucheka peke yangu. Kisha nikanusa vanishi ikiungua. Niliishusha haraka, nikaigusa mota, nikatoa mkono na kuupuliza.

"Haa," Bapuji akasema kutoka kwenye gari. Alikuwa akigonga dashibodi kwa mkono wa kushoto. "Haa. Haa. Haa."

"Baridi inamsumbua," Dharmesh akasema.

"Sawa, Bapuji, tunaenda," nikasema, nikafunga mlango wake. Nilikuwa na hasira na mota, na hewa, na mlima wenyewe. Aligonga dashibodi njia nzima mpaka tukaingia mjini, na mimi nikaongeza mwendo.

Ndege ya kwenda Uingereza ilikuwa Jumatano. Jumatatu asubuhi nilimsukuma Bapuji na kiti chake mpaka karakana, Dharmesh akatufungulia kwa funguo zake za mfukoni, na mimi na Nderitu tukaiweka ile mota ndogo juu ya meza na kuanza kubishana.

"Hii imechoka," Nderitu akasema. "Inataka tuongeze turns, ipoe."

"Ukiongeza mizunguko itazubaa."

"Si basi tunaipatia gia kubwa ingine?"

"Gia kubwa ndiyo iliichoma jana, Nderitu! Hii si pampu ya borehole ya Naivasha!"

"Boss, motor ni motor. Ikishika moto, unaongeza turns. Hata Mzee ndiye alinifunza hivyo."

Na ni kweli alimfunza. Mota ya pampu iliyofungwa mizunguko michache mno huungua ikiwekwa kwenye umeme wa laini, na dawa yake ni kuongeza. Lakini helikopta ni kama baiskeli kwenye mlima. Ukiweka gia nzito unasukuma pedeli kwa shida mpaka misuli inawaka. Ukiweka nyepesi, unakanyaga mbio na unafika. Nilitaka mizunguko michache ya waya mnene, mota ikimbie, na gia yenye meno machache. Yeye alitaka mizunguko mingi. Sauti zilipanda. Wakati wote huo mtu aliyejua zaidi yetu sote alikuwa ameketi mwisho wa meza, anakunywa chai kwenye kisahani kama alivyozoea, na hakuna aliyemgeukia.

Tulikubaliana jambo moja tu: waya wa Bapuji lazima utoke.

Niliukodolea macho. Ulikuwa umelala kwenye meno ya chuma, mzunguko kando ya mzunguko, hakuna uliompanda mwenzake. Ndio waya wa mwisho ambao ule mkono wa kulia ulifunga. Nikiukata, nimeutupa. Nisipoukata, helikopta haiendi popote, na Jumatano anapanda ndege kama mzigo ulioandikwa jina.

"Nikate?" Nderitu akauliza, koleo mkononi.

"Kata," nikasema, nikageuza uso.

Kishindo kilinigeuza tena. Bapuji alikuwa amepiga meza kwa ngumi, kisahani kikapinduka, chai ikatapakaa. "Haa! Haa!"

"Mnamtesa!" Dharmesh akapaza sauti. "Haelewi mnafanya nini, anaona tu kitu chake kinavunjwa. Wacha nimrudishe nyumbani."

Bapuji alitia kidole kwenye chai iliyomwagika, akakiburuta juu ya mbao. Mstari uliopinda. Akakichovya tena, mstari mwingine, na mwingine. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa tayari. Chai ilikuwa ikielekea kwenye mota, na nikikuta kitu kimemwagika lazima nifute. Nikafuta.

Alinitazama. Kwa muda wa kuvuta pumzi nilimwona Ishwarlal wa zamani, yule wa kunirushia bisibisi. Akachovya kidole upya, akaanza tena palepale nilipofuta. Mstari, mstari, mstari. Kitambaa changu kikaenda.

"Boss, wacha!" Nderitu akanishika mkono. "Wacha kufuta, wewe! Hiyo si delta?"

Ilikuwa pembetatu. Imepinda, pembe moja haikufungana vizuri, lakini ilikuwa pembetatu, na karakana ya mota haina maana nyingine ya pembetatu. Bapuji akanyoosha kidole kwenye mota, kwenye kile kifuko cheusi cha plastiki kilichozibana nyaya zake. Mota ndogo za namna hii hutoka na nyaya tatu tu. Kila mtu anajua. Tulikuwa tumeona tatu, tukaridhika.

Nderitu alikipasua kifuko kwa wembe, taratibu. Chini ya zile nyaya tatu kulikuwa na nyingine tatu, fupi, zimefungwa pamoja kwa tone la risasi ya kulehemu, kila moja na uzi wake wa rangi.

"Ghai," akasema Nderitu. "Hakuizika. Hata kwa toy."

Nilianza kucheka, kicheko kikanigeukia kikawa kilio, nikaenda mpaka mlangoni na kurudi, nikaenda tena na kurudi. Hatukuwa na haja ya kukata chochote. Nyota ifunguliwe, iungwe delta, na waya wa Bapuji ubaki palepale ulipo, mota ikimbie inavyotakiwa.

"Alijua?" Dharmesh akauliza. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la waya, koti lake safi limegusa grisi, hana habari.

"Alijua tangu jana, bhai," nikamwambia kaka yangu. "Ndiyo maana alikuwa akigonga dashibodi. Na wewe ukasema ni baridi." Sikuongeza kwamba ni mimi niliyefunga mlango.

Nderitu akaiyeyusha ile risasi. Kabla ya kuunga kila waya alimwonyesha Bapuji, na Bapuji akaelekeza kwa kidole uende wapi. Kisha nikafungua vikopo vya filamu, nikamwekea gia tatu kiganjani. Mbili alizisukuma pembeni kwa dharau ile ile aliyokuwa akiwapa wauza waya feki. Akaokota ndogo kabisa. Nikamwambia Nderitu, "Sikukwambia?" Nderitu akajifanya hasikii.

Jumanne tulipanda tena Menengai. Sikulala usiku wa kuamkia siku hiyo na sikula asubuhi. Niliongeza moto kidogo. Sauti ilikuwa nyingine, nyembamba na kali, na kabla sijajiandaa helikopta ilikuwa juu ya kichwa changu. Niliielekeza mbele. Ikapita ukingo, na ardhi ikaisha chini yake. Ilikwenda hadi ikawa kidoa juu ya ile sakafu nyeusi ya mawe yaliyoyeyuka zamani, nami kumbe nilikuwa nikizungumza nayo kwa Kigujarati, rudi mama, rudi sasa. Ikarudi. Nilipoishusha nilishika mota: ilikuwa na joto la kikombe cha chai, si zaidi.

Tulimwonyesha Bapuji picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Nyingi zilikuwa ukungu mtupu. Mbili zilikuwa safi. Alizitazama, akataka tena, akatazama, na machozi yakamteremka upande mmoja wa uso.

Dharmesh akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya mlango wa gari. "Bapuji," akasema, "nisamehe. Nilikuuliza vibaya." Akatoa mfukoni tikiti, akaiweka juu ya blanketi, kwenye goti moja. Akatoa funguo za karakana, akaziweka kwenye goti lingine. "Chagua mwenyewe. Sitasema neno."

Nilisimama nyuma yake nikitabasamu waziwazi. Nilikuwa nimeshinda. Nilianza hata kuwaza ni wapi tutaweka kitanda chake, karibu na dirisha la karakana, asikose makelele yake.

Mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukaenda kwenye funguo. Akaziokota, akanitafuta kwa macho, akanipungia nikaribie. Akazitia kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akifunga waya. Kisha mkono ukarudi kwenye blanketi, ukachukua tikiti, ukaikumbatia kifuani.

"Haa," akasema.

Niliumia. Siwezi kulipamba. Wiki nzima nilikuwa nimepiga kelele aulizwe, na sasa ameulizwa na amejibu, na jibu halikuwa langu. Nilitaka kumwambia arudie, labda amechanganya magoti. Nilitaka kumfokea kaka yangu, lakini kaka yangu alikuwa analia na hakuwa na dalili ya mtu aliyeshinda. Nilitembea hadi ukingoni nikarudi. Nderitu alikuwa akiikunja kamba ambayo haikuhitaji kukunjwa. Nikaenda ukingoni tena, nikarudi, funguo zikinichoma kiganjani kwa jinsi nilivyozibana.

"Hiyo tikiti," nikamwambia Dharmesh, "ni ya kwenda tu?"

"Ya kwenda tu."

"Basi ibadilishe. Iwe na ya kurudi."

"Unnati, huyu ni mgonjwa, na bei ya..."

"Usizike nyota, bhai."

Kaka yangu alikimbia karakana akiwa na miaka kumi na minane na hajawahi kufunga hata mota ya feni, lakini alilelewa na kelele zile zile nilizolelewa nazo mimi. Alimtazama Bapuji. Bapuji naye alikuwa akimtazama, kidole cha kushoto kikigonga tikiti, polepole, kama kilivyogonga dashibodi.

"Nitampigia wakala tukifika mjini," Dharmesh akasema.

Tukaipakia helikopta. Nikawasha pikapu, nikashuka Menengai kwa mwendo usiofaa kwa barabara ile, na hakuna aliyenikataza.